Kampuni ya kuzoa taka imedaiwa tamko la kuzuia utumwa mamboleo: nianze kuchunguza wapi?

AfisaUgavi

Habari zenu wakuu. Nipo kitengo cha ununuzi katika kampuni ya kuzoa taka. Tuna malori, madereva, wapakiaji wanaokimbia nyuma ya gari, na kituo cha kuchambulia ambako taka hupita kwenye mkanda huku watu wamesimama pande zote mbili wakitoa plastiki, karatasi na makopo. Madereva ni waajiriwa wetu. Wapakiaji, nusu ni wetu na nusu ni wa wakala wa ajira. Pale kwenye mkanda karibu wote ni wa wakala.

Mteja wetu mkubwa ametuletea dodoso refu na sharti juu yake: bila tamko lililosainiwa na mkurugenzi, linaloeleza tunavyozuia utumwa mamboleo ndani ya kampuni na kwa wagavi wetu, mkataba hauhuishwi. Kazi nimekabidhiwa mimi. Nimeambiwa nitafute tamko la kampuni nyingine, nibadilishe jina, nipeleke likasainiwe. Sitaki, na sababu ninayo.

Pale kituoni kuna kundi la vibarua wanaoletwa na gari moja dogo na kuondoka na gari hilohilo. Ukiwauliza jambo anajibu mmoja kwa niaba ya wote. Wakati wa mapumziko hukaa peke yao. Juzi mmoja alikatwa mkono na kipande cha kioo, akapewa ruhusa ya kwenda zahanati, akakataa kabisa, akarudi kwenye mkanda na kitambaa amekizungushia kiganjani. Mtu wa wakala akasema huyo ni mchapakazi. Mimi nilimwona usoni. Ile haikuwa bidii, ilikuwa hofu.

Inawezekana ni watu wa familia moja wasiojua lugha yetu, basi. Inawezekana pia si hivyo. Nisichokijua ni namna ya kutofautisha bila kuwaharibia maisha watu wasio na kosa. Halafu kuna upande wa vitu tunavyonunua: sare, glavu, buti, vipuri. Na upande wa wanaonunua plastiki na vyuma chakavu kutoka kwetu. Bajeti ya kuajiri wakaguzi wa nje sina. Kwa aliyewahi kulifanya hili kwa vitendo, unaanzia wapi?

---

MhasibuMishahara

Ndugu, mimi ni mtu wa mishahara, kwa hiyo nitasema ninachokiona kwenye mafaili.

Fungua orodha ya malipo uipange kwa namba ya akaunti ya benki. Ukiona akaunti moja inapokea mishahara ya watu wawili au zaidi, iwekee alama. Kisha ipange kwa anwani ya makazi, kisha kwa namba ya simu, kisha kwa jina la mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura. Mume na mke wanaweza kuwa na akaunti ya pamoja, ndugu wanaweza kuishi nyumba moja, hilo halina neno. Lakini watu kumi wenye majina yasiyohusiana, anwani moja, simu moja, na mtu yuleyule wa dharura ambaye ndiye dereva wa gari linalowaleta, hapo lazima uulize.

Tatizo lako ni kwamba wanaolipwa na wakala hawamo kwenye faili lako. Unachoona ni ankara ya jumla tu: saa kadhaa, kiasi kadhaa. Kwa hiyo mkataba wako na wakala unahitaji kipengele cha kukuruhusu kuona orodha yake ya mishahara na slipu za watu wanaofanya kazi kwako. Wakala akikataa kabisa, hilo nalo ni jibu.

Kitu kimoja nakuomba: uchunguzi huu ufanywe na watu wawili au watatu wanaoaminika. Usitume faili kwa barua pepe ya ofisi nzima. Kuna vibarua watakaoumia jina lao likizagaa, na kama kuna mhusika ndani ya kampuni yenu utakuwa umemwamsha.

---

MamaZamu

Mwanangu AfisaUgavi, tamko liache kwanza, hilo ni la mwisho. Nimesimamia zamu za usiku kwenye vituo vya kuchambulia taka kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na neno langu la kwanza kwako ni hili: angalia bei unayomlipa wakala.

Kaa na kalamu. Andika kima cha chini cha mshahara kwa saa kinachotakiwa na sheria. Ongeza michango ya hifadhi ya jamii, likizo yenye malipo, bima ya ajali kazini, nyongeza ya zamu ya usiku, nauli ya kuwaleta watu. Halafu ongeza kitu cha wakala mwenyewe, maana naye hafanyi kazi bure. Linganisha na bei ya saa moja iliyoandikwa kwenye ankara yake. Kama ankara iko chini ya jumla yako, kuna mtu halipwi. Hakuna njia nyingine hesabu hiyo ikakaa sawa. Na aliyesaini bei hiyo ni kitengo chako cha ununuzi, pengine akasifiwa kwa kubana matumizi. Ndiyo maana nasisitiza mwanzo wa kazi hii uko mezani kwako, kabla hujavuka kwenda kuchunguza viwanda vya ng'ambo.

Sekta yetu inawavuta wanyonyaji kwa sababu zinazoeleweka. Kazi ni chafu, wenyeji wengi hawaitaki. Haihitaji cheti wala lugha. Hufanyika alfajiri na usiku, nyuma ya majengo, ndani ya ua wenye geti. Zabuni hushindwa na aliyetaja bei ndogo. Watu huja na kuondoka kila wiki, na msimamizi wa zamu anachohesabu ni vichwa kwenye mkanda, majina hayamhusu. Mtu anaweza kusimama mbele yako miezi sita na usijue anaitwaje.

Usidhani natia chumvi. Mwaka 2019 huko Uingereza yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa polisi wa West Midlands uliopewa jina la Operation Fort. Watu wanane wa genge moja walitiwa hatiani, na polisi waliamini waathirika ni zaidi ya 400. Walikuwa raia wa Poland, wengi wao watu waliokwishachoka na maisha: wasio na makazi, walevi, waliotoka gerezani. Waliahidiwa kazi nzuri na nyumba. Walipofika walirundikwa kwenye nyumba chafu, wakafunguliwa akaunti za benki ambazo kadi zake zilishikwa na genge, na wakapelekwa kufanya kazi halali kabisa mashambani, kwenye viwanda vya kuku, na kwenye vituo vya kurejeleza taka. Ndiyo, vituo kama chako. Mmoja wa wahalifu alikuwa ameajiriwa kwenye wakala wa ajira, akiwapitisha kutoka ndani. Kampuni zilizowatumia zilikuwa zinalipa. Mshahara ulikuwa unatoka, ila haukumfikia mwenye jasho.

Kwa hiyo swali la "je, tunalipa kima cha chini?" halitoshi. Uliza: fedha inapotoka kwetu, inatua mkononi mwa nani, na baada ya hapo inakwenda wapi?

Linalofuata ni deni. Muulize kila kibarua, taratibu, alilipa nini ili apate kazi hii. Ada ya usajili, pasipoti, tiketi, uchunguzi wa afya, mafunzo, sare, godoro. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Gharama za kuajiri ni za mwajiri. Lakini kwa vitendo mtu anaanza kazi akiwa tayari anadaiwa, na deni linakua kila mwezi kwa sababu kodi ya kitanda, usafiri na "faini" vinakatwa kabla hajaona chochote. Hawezi kuondoka. Hakuna mnyororo wala mlango uliofungwa, kuna daftari tu. Huyo wako aliyekataa zahanati, mimi ningetaka kujua akikosa nusu siku anakatwa kiasi gani, na nani alimwambia nini kuhusu kuonana na watu wenye vitambulisho shingoni.

Shirika hilohilo lina orodha ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa. Itafute uibandike karibu na meza yako. Vingine ni vya wazi, kama kunyang'anywa hati za utambulisho, kuzuiwa mshahara, vitisho, kupigwa. Vingine ni vya kimya: kutengwa na watu, kudanganywa kuhusu aina ya kazi, kutumia unyonge wa mtu ambaye hana pa kwenda. Kiashiria kimoja peke yake mara nyingi hakithibitishi kitu. Uliyoyataja wewe, gari moja, msemaji mmoja, kukaa peke yao, jeraha lililokataliwa tiba, yakikaa pamoja yanatosha kukufanya uulize, na uulize vizuri.

Kuuliza vizuri ni kazi yenyewe. Usimwite mtu ofisini. Kuitwa ofisini kwa kibarua ni kufukuzwa. Usimtumie yule msemaji wao kama mkalimani, hata akijitolea kwa tabasamu. Tafuta mkalimani wa nje, asiye wa kundi wala wa wakala. Zungumza na wafanyakazi wote wa zamu, mmoja mmoja, pamoja na wale usiowashuku, ili asiyetaka kuonekana asionekane. Anza na usalama kazini, maana hilo ni jambo la kawaida: glavu zako zinakutosha? Umepata chanjo ya pepopunda na homa ya ini? Ukiumia unakwenda wapi? Kisha: unakaa wapi, na nani alikutafutia hapo? Slipu yako ya mshahara unaielewa? Pasipoti yako iko wapi sasa hivi? Hilo la pasipoti muulize bila kubadilisha sauti. Nimewahi kuuliza swali hilo na mtu akamtazama mwenzake wa mkanda wa pili kabla ya kunijibu. Nilichohitaji kujua nilikuwa nimekijua.

La mwisho kwa leo: wakala wa wakala. Unasaini na kampuni yenye ofisi nzuri na vyeti ukutani. Zamu ya usiku ikipungukiwa watu, anampigia dalali, dalali anampigia mwenye gari dogo. Saa nane usiku pale getini hakuna anayejua nani ni wa nani. Toa amri leo: asiyekuwa kwenye orodha iliyoletwa kabla ya zamu, yenye jina na picha, haingii kwenye mkanda. Na orodha ikaguliwe usiku, na mtu wako.

---

AfisaUgavi

Mama, shikamoo, na asante sana. Hesabu ya bei nimeifanya jioni hii. Ankara ya wakala haifiki hata kwenye michango ya hifadhi ya jamii, achilia mbali likizo na zamu ya usiku. Na kweli, bei hiyo ilipitishwa na kitengo changu. Nitampelekea mkurugenzi karatasi hiyohiyo kabla ya neno lolote kuhusu tamko.

Mhasibu, nimekuelewa kuhusu kipengele cha mkataba. Ninayo maswali mawili yaliyobaki. Nikithibitisha, nimfukuze wakala siku hiyohiyo? Moyo wangu unataka hivyo. Na hizi glavu na sare, nitajuaje zimeshonwa na nani?

---

DerevaAlfajiri

Salamu kwa wote. Shikamoo Mama. Mimi naendesha lori la taka, na naomba niongeze kitu ambacho watu wa ofisini huwa wanakipita.

Sisi tunaingia nyuma. Mbele ya mgahawa kuna vioo na taa, nyuma kuna mlango wa bati, na sisi ndio tunaoujua. Tunapita kabla jua halijatoka, njia ileile, wiki baada ya wiki, kwa hiyo kitu kikibadilika tunakiona. Magodoro yaliyotandikwa stoo ya mahali pa kuoshea magari. Nyumba ya vyumba viwili inayotoa taka za watu ishirini. Kijana anayetoa pipa saa kumi alfajiri na bado ndiye anayelifuata tukirudi usiku. Madirisha yaliyozibwa kwa ndani. Mtoto wa umri wa shule anayechambua makopo siku ya shule.

Kampuni niliyopo ilianza kutupa dakika chache za maelezo kabla ya kutoka, mara kwa mara, kuhusu dalili hizi. Ndani ya kabini ya lori kuna namba ya kupiga. Tumeambiwa wazi: usimhoji mtu, usipige picha usoni, usimkabili mwenye eneo, usirudi baadaye peke yako kuchungulia. Andika mahali, saa, ulichoona, piga namba. Kama mtu yuko hatarini papo hapo, polisi kwanza. Na hakuna dereva aliyekatwa muda kwa kusimama kupiga simu, hilo ndilo lililotufanya tuamini kwamba wanamaanisha.

Kaka AfisaUgavi, madereva wako ni waajiriwa, wana usalama wa ajira, wanaweza kusema. Anza nao. Na wapakiaji wa wakala wanasafiri nao kwenye kabini moja kwa muda wa saa nane kila siku. Wanajua mengi kuliko dodoso lolote.

---

MchambuziHuru

Nimesoma yote. Mimi ni mwanamke ninayeishi kwa kuokota na kuchambua taka, na ni mwanachama wa ushirika wa wachambuzi. Naomba mnisikilize, kwa sababu mkishaanza kuandika matamko sisi ndio huwa tunafutwa kwanza.

Kampuni ikitaka kuonekana safi huandika kwamba hainunui tena kutoka kwa waokotaji, kwa kuwa hawana mikataba na huenda kuna watoto. Imejikinga. Na sisi siku hiyohiyo tunabaki na mnunuzi mmoja tu, dalali. Dalali anakukopesha wakati mtoto anaumwa. Anakwambia utamlipa kwa plastiki. Kuanzia hapo huruhusiwi kumuuzia mtu mwingine, bei anapanga yeye, mizani ni yake, na daftari ni lake. Ukipeleka gunia zito anakata unyevu, anakata uchafu, na deni halishuki. Ninawajua wanawake walioingia kwenye deni hilo peke yao na sasa wanachambua pamoja na watoto wao ili lipungue. Mkitafuta utumwa kwenye taka, upo pale kwenye lile daftari. Kuokota taka kwenyewe ni kazi, na ni kazi yangu, ninaamka na kulala ninavyoamua.

Kwa hiyo wewe wa ununuzi, kama mnauza au kununua malighafi kutoka kwa madalali, waulizeni: mnawakopesha wachambuzi? Kwa masharti gani? Aliyekopeshwa anaweza kuuza kwingine? Mizani imekaguliwa lini, na mchambuzi anaiona namba? Na kama mnaweza kununua moja kwa moja kutoka kwa vikundi vyetu, nunueni, lipeni siku hiyohiyo, mtoe risiti. Mtu anayelipwa siku hiyohiyo kwa mizani ya kweli hana haja ya kukopa kwa dalali. Kuhusu watoto, msiwafukuze getini mkadhani mmemaliza. Muulizeni mama bei gani ingemwezesha kumwacha mtoto shuleni.

---

MamaZamu

Marahaba mwanangu, na marahaba Dereva. Dada Mchambuzi, ahsante kwa kuja kusema, na AfisaUgavi asilipite hilo. Mkataba wa mwaka 1930 wa Shirika la Kazi Duniani, namba 29, unaieleza kazi ya kulazimishwa kuwa kazi au huduma anayodaiwa mtu kwa tishio la adhabu yoyote, ambayo hakujitolea kwa hiari yake. Shika yote mawili, tishio na hiari. Umaskini wa mtu anayejitafutia si ushahidi wa utumwa. Mtu anayekuzuia kuuza kwingine mpaka deni liishe, huyo ndiye wa kuangaliwa.

Sasa swali lako la kumfukuza wakala siku hiyohiyo. Hapana. Najua moyo unachemka, lakini ukimfukuza mchana, usiku huohuo gari dogo litawahamisha wale watu kwenda mahali ambapo hakuna anayewaangalia. Deni lao halifutiki, na kwa sababu yako sasa hawana hata kipato. Polisi nao watakuta nyumba tupu.

Utaratibu niliouona ukifanya kazi ni huu. Wasiwasi ukikomaa, unapeleka taarifa kwa polisi au mamlaka inayoshughulikia usafirishaji haramu wa binadamu, na kwa shirika linalohudumia waathirika, kabla hujamgusa wakala. Usimwambie wakala, wala msimamizi wa zamu kama hujui yuko upande gani. Unatunza kumbukumbu: orodha za mahudhurio, ankara, picha za kamera za getini ambazo mifumo mingi hujifuta zenyewe zikikaa, kwa hiyo zihifadhiwe mapema. Mamlaka ikikwambia endelea kama kawaida kwa siku chache, endelea. Kama mtu yuko kwenye hatari ya papo hapo, usisubiri chochote.

Na mtu mwenyewe aulizwe anataka nini. Ni mtu mzima. Wengine wanaogopa polisi kuliko wanavyomwogopa bosi wao, hasa kama vibali vyao vya ukaazi vina kasoro, na hofu hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwashika. Kampuni ikitaka kusaidia kweli, itoe ahadi kwa maandishi: anayejitokeza hapotezi kazi, atalipwa moja kwa moja kwenye akaunti anayoishika mwenyewe, na malimbikizo yake yatahesabiwa. Nimeona mtu akipokea slipu yenye jina lake na kuuliza mara mbili kama fedha yote hiyo ni yake. Ndicho unachokifanyia kazi, mwanangu. Mteja na dodoso lake ni baadaye.

Baada ya hapo, wakala anawajibika. Ikiwa alizembea, anapewa muda wa kurekebisha na kurudisha ada walizotozwa watu. Ikiwa alijua, mkataba unavunjwa, na watu wake mnawachukua ninyi wenyewe ikiwezekana.

Glavu na sare. Julai 2020 Forodha ya Marekani ilizuia glavu za kampuni tanzu mbili za Top Glove ya Malaysia, mzalishaji mkubwa kabisa wa glavu za mpira duniani, kwa viashiria vya kazi ya kulazimishwa: madeni ya ajira, hati kushikiliwa, muda wa kazi uliopitiliza, makazi mabaya. Wafanyakazi wahamiaji walikuwa wamelipa ada kubwa nchini kwao ili tu wapelekwe kiwandani. Zuio liliondolewa Septemba 2021, baada ya kampuni kurudisha ada hizo kwa wafanyakazi, zaidi ya dola milioni 30. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba fedha huweza kurudishwa mnunuzi akisimama imara, na kwa sababu glavu zimo mikononi mwa kila mpakiaji wako.

Wewe huna nguvu ya Forodha ya Marekani, kwa hiyo chagua. Wagavi wengi wa kampuni ya taka hawana hatari ya maana: mwenye kuuza mafuta, mwenye programu ya njia za malori. Usiwatumie wote dodoso moja, watakujibu wote "hapana" na utakuwa na kabati la karatasi. Chukua wachache wenye hatari kubwa: wakala wa ajira, kampuni ya usafi na ya ulinzi inayohudumia ofisi zenu, anayefua sare, anayeosha malori, muuzaji wa glavu na sare, na wanunuzi wa chakavu. Kwa muuzaji wa glavu uliza jina la kiwanda na nchi, uliza wafanyakazi wa kiwanda hicho ni wahamiaji au wenyeji, na nani alilipa ada zao za kuajiriwa. Muuzaji asiyejua kiwanda chake apewe muda wa kujua. Akirudi na jibu, hata kama ni baya, huyo unaweza kufanya naye kazi.

Taka zenyewe zinapoondoka kwako nazo zifuatilie. China ilipofunga mlango kwa plastiki chakavu mwaka 2018, marobota mengi yaligeuzia Asia ya Kusini-Mashariki, kwenye viwanda vidogo ambavyo hata serikali za huko zilikuwa hazivijui. Ukiuza marobota, uliza yanachambuliwa tena wapi na mikono ya nani.

---

AfisaUgavi

Mama, nimeandika yote. Leo nimezungumza na mkurugenzi. Alipoiona karatasi ya hesabu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza bei halali ingekuwa ngapi. Amekubali mkalimani wa nje, na amri ya orodha yenye picha inaanza zamu ya usiku huu. Taarifa kuhusu lile kundi nimeipeleka mahali panapohusika, sitasema zaidi hapa. Dada Mchambuzi, nimeomba kukutana na kikundi cha wachambuzi kinachopakana na kituo chetu, na mizani yetu nimeiombea ukaguzi.

Ila mkurugenzi ana wasiwasi: tukiandika kwenye tamko kwamba tumekuta bei isiyolipa mshahara halali, si tutakuwa tumejianika?

---

MhasibuMishahara

Ndugu, tamko linaloeleza tatizo lililopatikana na kilichofanyika lina uzito kuliko kurasa kumi za "hatuvumilii kabisa". Hata sheria ya Uingereza ya utumwa mamboleo ya mwaka 2015, ambayo matamko mengi yamejengwa juu yake na ambayo inazihusu kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka, inairuhusu kampuni kuandika kwamba haijachukua hatua yoyote. Kinachotakiwa ni tamko lipitishwe na bodi, lisainiwe na mkurugenzi, na lisomwe na yeyote anayetaka. Andika bei ilikuwa chini ya gharama halali, tarehe mliyoirekebisha, na mlivyowafidia waliopunjwa. Majina ya watu na kundi lenyewe usiyaguse, uchunguzi unaendelea.

Na kipengele nilichokutajia, huu ni mfano tunaoutumia sisi, mwanasheria wenu auangalie kwanza:

"Wakala hatamtoza mfanyakazi ada au gharama yoyote ya kuajiriwa, na ikigundulika kuwa imetozwa, wakala atairudisha yote kwa mfanyakazi ndani ya siku thelathini. Wakala hatashikilia hati ya mfanyakazi kwa sababu yoyote, hata kwa ombi lake. Mshahara utalipwa kwenye akaunti ya jina la mfanyakazi mwenyewe. Wakala hataleta mfanyakazi kupitia wakala mwingine bila kibali cha maandishi cha Kampuni. Kampuni inaweza, bila kutoa taarifa, kuona orodha ya mishahara na kuzungumza faraghani na mfanyakazi yeyote aliyepo kwenye eneo lake. Kampuni nayo haitadai bei iliyo chini ya gharama halali ya ajira."

Sentensi ya mwisho mawakala wetu ndiyo waliyoiomba. Ikubalini.